Tulimpa Jembe, Tukampa Bunduki, Leo Twamwita Mgeni



Masika ya mwaka jana tulimzika mzee mmoja katika kigango kimojawapo cha huku Suguti, karibu na ziwa. Jina lake hatulitaji, kwa sababu jamaa yake ingali katika shauri ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tutamwita Babu, kama wajukuu wake walivyomwita, na kama sisi wenyewe tulivyozoea kumwita tulipopita kwake kunywa uji baada ya Misa.

Hatuandiki ili kumtangaza kuwa mtakatifu. Alikuwa na hasira za haraka, na deni la duka alilipa kwa kuchelewa. Twaandika kwa kuwa yaliyotendeka baada ya mazishi yake ni dhambi, na dhambi hiyo imetendwa na watu wanaokomunika pamoja nasi. Tukinyamaza, tutakuwa tumeshiriki.

1. Mtu tuliyemzika

Babu aliletwa Suguti akiwa mtoto wa miaka saba hivi, mwishoni mwa miaka ya 1950. Baba yake alikuwa Mjaluo, mvuvi wa ng'ambo, upande wa Kenya. Alifuata samaki kama wavuvi wa ziwa hili walivyofanya tangu zamani, kabla mtu hajaambiwa kwamba maji nayo yana mpaka. Baba akafa, mtoto akabaki. Alilelewa na jirani Mjita, akakijua Kijita kuliko wengine waliozaliwa nacho, akabatizwa, akaoa binti wa hapa hapa. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ya kijiji ilimpimia ekari mbili na nusu kando ya ziwa. Hakuna aliyeitaka sehemu ile siku zile, maana ilikuwa na mawe na viboko. Akaondoa mawe. Akalima mihogo, mtama na pamba, akapanda miembe minne. Mitatu ingali ikizaa.

Mwaka 1978 kijiji kilipotakiwa kutoa vijana wa mgambo kwenda vitani, hakuna aliyemwuliza baba yake alizaliwa wapi. Aliitwa, akaenda.

Wazee wanakumbuka, lakini vijana yafaa waelezwe. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaiteka sehemu yote ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, yakaua raia na kupora ng'ombe. Daraja la Kyaka likavunjwa. Taifa likaita watu wake: wanajeshi, polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, na maelfu ya mgambo waliotoka kwenye jembe na nyavu. Babu alivuka mto Kagera kwa daraja la muda, kisha akaenda kwa miguu, kama walivyokwenda wengi wa askari wetu. Masaka ilitwaliwa Februari 1979. Machi pakawa na mapigano makali ya Lukaya. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Mwanzoni mwa Juni vita vikaisha.

Mwenyewe hakupenda kuvisimulia. Wajukuu wakimwomba hadithi ya vita aliwaeleza habari za tope, za viatu visivyomwenea, na za mngurumo wa makombora ambayo watu waliyaita saba saba. Mwenzake aliyekufa kando yake alitutajia mara moja tu, nasi hatutaandika aliyotuambia. Alirudi na blanketi la jeshi na sikio moja lisilosikia vizuri. Akarudi kwenye mihogo yake. Baadaye alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo kwa miaka mingi, na katika mawe ya msingi wa kigango tunamosali yamo aliyoyabeba yeye.

Siku ya kumaliza matanga, kabla jamaa haijatawanyika, majirani kadhaa walimjia mjane. Walisema kwa adabu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Walisema mgeni amekwenda zake, basi ardhi irudi kwa wenyewe. Juma lile lile mjukuu wake mmoja, aliyemaliza kidato cha nne, alikwenda kuomba barua ya utambulisho apate kuandikishwa kitambulisho cha taifa. Aliambiwa alete kwanza cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Kijana alitujia jioni akauliza: "Baba Paroko, hivi kwetu ni wapi?"

Jioni ile hatukuwa na jibu. Waraka huu ndio jibu letu.

2. Methali tuliyoigeuza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake twaijua sote: mtu akishakaa, akashika jembe, akalima pamoja nasi, ugeni wake umekwisha. Jembe ndilo cheti chake. Sisi tulimpa Babu jembe, naye akalima. Kisha tukampa na bunduki, naye akaibeba hadi Kampala. Miaka zaidi ya arobaini imepita, ndipo tunakumbuka kwamba alikuwa mgeni. Na tumelikumbuka hilo baada ya ardhi ya kando ya ziwa kupanda bei, sasa watu wanapotafuta mahali pa mialo na pa kufugia samaki kwa vizimba.

Tuseme wazi. Kama ekari zile zingebaki na mawe na viboko, Babu angekufa akiwa mwenyeji. Ugeni wake umezaliwa na bei ya ardhi.

Jambo la askari kusahauliwa baada ya kazi si geni kwetu. Katika Vita Vikuu vya Pili, babu zetu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 walichukuliwa jeshini. Wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma, kwa ajili ya mfalme ambaye hawakupata kumwona. Walipoachiliwa, askari wa Kiafrika alipewa kwa kila mwezi aliotumikia kiasi kisichofika nusu ya kile alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Tumewalaumu wakoloni kwa hilo, na ni haki tuwalaumu. Lakini mkoloni alimnyima askari wake shilingi. Sisi twamnyima wetu kwao.

Tutazame na mbali zaidi. Tarehe 30 Aprili 1975 mji wa Saigon ulianguka na vita vya Vietnam vikaisha. Askari wengi wa upande ulioshindwa walitiwa kambini kwa miaka. Wengine walitoroka kwa mashua, na katika miaka iliyofuata wengi walipokelewa Marekani, Australia, Ufaransa na kwingineko. Mtu aliyekuwa ameshindwa vita, asiyejua lugha ya nchi, akafanya kazi alizopata, akazeeka, akafa akiwa babu wa watoto wanaoiita nchi ile nchi yao. Naye alionja dharau na upweke, hatusemi hakuonja. Lakini tulinganishe. Askari wa jeshi lililoshindwa alipata kwao katika nchi ya ugenini. Askari wa jeshi lililoshinda, jeshi letu, anakosa kwao katika nchi aliyoilinda. Hapo pana aibu ambayo hatuwezi kumsingizia Mzungu.

3. Hoja tunazozisikia

Hatupendi kumpiga mtu asiyekuwepo. Tumekaa na majirani wale, tumewasikiliza. Hoja zao ni tatu, nasi tunazijibu.

*Wanasema: sheria ni sheria, asiye raia hamiliki ardhi.* Ni kweli kwamba sheria za ardhi za mwaka 1999 hazimruhusu asiye raia kumiliki ardhi kama mwananchi. Lakini anayesoma sheria na aisome yote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika wakati wa operesheni ya vijiji, kati ya mwaka 1970 na mwaka 1977. Sheria hiyo hiyo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Sasa mjane wa Babu ni nani? Ni Mjita, binti wa hapa, mjukuu wa hapa. Watoto wake wamezaliwa hapa kwa mama raia; nao ni raia, na wana wao ni raia. Tukubali basi, kwa ajili ya hoja tu, kwamba Babu hakuwa na karatasi. Tarehe 9 Desemba 1961 uraia ulimjia bila kuomba yule aliyezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Wengine ilibidi waombe. Yeye alikuwa mtoto yatima kwenye mwalo. Ni nani alimwendea akamweleza habari za fomu? Na hata hivyo, kosa la mtoto yatima wa mwaka 1961 halimvui bibi yule uraia wake, wala halimvui kijana yule. Mwenye kuamua nani ni raia ni mamlaka iliyowekwa na sheria, na si jirani aliyelikodolea macho shamba.

*Wanasema: ardhi ni ya ukoo, nayo imepungua.* Imepungua kweli, na watoto wetu wanagawana vipande ambavyo ng'ombe mmoja hawezi kugeukia. Twayaona hayo kila siku. Lakini tuwaulize wazee wa koo zetu, Wajita, Waruri na Wakwaya: mapokeo yenu yanasemaje? Hakuna ukoo hata mmoja unaosimulia kwamba ulichipuka chini ya mlima Masita kama uyoga. Kila ukoo una hadithi ya mtumbwi, au ya safari ya miguu, au ya mwindaji aliyefuata mnyama akakuta maji na majani mabichi. Kila mmoja alimkuta mtu, au alifuatwa na mtu. Tofauti kati ya babu zetu na Babu huyu ni kwamba wao walitangulia. Kutangulia si sifa ya utakatifu, wala si hati ya kumfukuza aliyefuata.

*Wanasema: sisi tuko karibu na mpaka, wageni wanaleta wizi na silaha.* Mpaka unahitaji ulinzi, na serikali ina wajibu wa kujua nani anaingia. Lakini mwizi hutafutwa kwa wizi wake, hatafutwi kwa kabila la babu yake. Na tusijidanganye: wezi wa ng'ombe katika mkoa wetu hatukuwahi kuwakosa miongoni mwa watoto wetu wenyewe, waliobatizwa na majina ya watakatifu. Mwaka 2013, ilipotolewa amri kwamba wahamiaji haramu waondoke katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, maelfu kwa maelfu waliondoka, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa nchini miaka mingi, wenye wake, waume na watoto hapa. Familia ziligawanyika. Anayetaka kujua neno "mgeni" likiachiwa mitaani linazaa nini, na aulize kule.

4. Uria, askari mgeni

Ndugu zetu, Maandiko Matakatifu yamekwisha kulizungumza shauri hili. Katika kitabu cha pili cha Samweli tunamsoma Uria. Hakuwa Mwisraeli, alikuwa Mhiti. Alikuwa askari katika jeshi la Daudi, na mwaminifu kiasi kwamba, alipoitwa kutoka vitani, hakukubali kulala nyumbani kwake ilhali wenzake wamelala uwanjani. Siku hizo Daudi mwenyewe alikuwa amebaki Yerusalemu, amestarehe juu ya dari. Tunajua yaliyofuata. Aliyestarehe alitamani cha yule aliyepigana, akakitwaa, na ili akitwae akamwua.

Nabii Natani alipotumwa hakumhubiria Daudi habari za sheria ya ndoa. Alimsimulia tajiri mwenye makundi ya kondoo aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule afe, kumbe amejihukumu mwenyewe. Nasi tunawauliza wale waliokwenda kwa mjane: mna mashamba mangapi? Yeye ana mangapi?

Tena tusilisahau jambo moja. Mwinjili Mathayo, akiandika ukoo wa Bwana wetu, anapofika kwa mama yake Sulemani hamtaji kwa jina lake. Anamtaja kwa jina la Uria. Karne nyingi zilikuwa zimepita, na jina la askari mgeni lilikuwa lingali limeandikwa ndani ya ukoo wa Mkombozi, ili hakuna atakayelifuta. Hivyo ndivyo Mungu anavyowakumbuka askari wageni. Sisi je?

5. Twaweza, kwa maana tulikwisha kuweza

Asiwepo mtu wa kusema kwamba tunayoyataka ni ndoto za mapadre. Taifa hili limekwisha kuyafanya. Mwaka 1980 wakimbizi wa Kinyarwanda kwa maelfu walifunguliwa mlango wa uraia. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya namna nchi yetu ilivyowapokea wakimbizi. Mwaka 2010 Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia kwetu mwaka 1972, pamoja na wazao wao, walikubaliwa uraia. Na katika vita vile vile vya Kagera, mmoja wa makamanda wetu hodari, John Walden, alizaliwa na baba Mwingereza na mama Mwafrika. Hakuna aliyemwuliza kwao ni wapi wakati risasi zinalia.

Oktoba 2024 mkoa wetu ulimpoteza Jenerali David Musuguri wa Butiama, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 104. Alianza jeshini enzi za mkoloni mwaka 1942, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, akawa Mkuu wa Majeshi tangu mwaka 1980 hadi 1988. Taifa lilimlilia, na alistahili. Lakini jenerali hashindi vita peke yake. Nyuma yake walikuwapo maelfu ya akina Babu, wenye viatu visivyowaenea. Jenerali amekumbukwa na taifa. Mgambo atakumbukwa na nani, kama hakumbukwi na kijiji chake na kigango chake?

6. Kanisa nalo lijihoji

Tusiwanyoshee wengine kidole tukajisahau. Kila tarehe 25 Julai taifa linaadhimisha Siku ya Mashujaa. Ni vigango vingapi vinavyosoma majina ya askari wake siku hiyo? Tuna daftari la zaka, la wanaodaiwa michango, la wanaotakiwa kupeleka mchanga na kokoto. Daftari la walioitwa vitani hatuna. Hata katika mazishi ya Babu, wasifu uliosomwa ulitaja vyeo vyake vya Jumuiya na miaka ya ndoa yake. Vita ilitajwa kwa sentensi moja. Sisi tuliokuwa tunaongoza ibada hatukuongeza neno. Tunaungama hilo hapa.

Hali kadhalika, baadhi ya waliomwendea mjane ni viongozi wa Jumuiya. Hao hatuwatengi, maana Natani hakumwacha Daudi; alimwendea. Lakini hatuwezi kuwaacha waendelee kusoma Neno la Mungu mbele ya waamini huku mkono mmoja umeshika mpaka wa shamba la mjane.

7. Tunayotaka yafanyike

Kwanza, shamba la mjane lisiguswe. Mwenye dai alipeleke kwenye baraza la ardhi la kijiji, mchana, na ushahidi wake. Tume itamsindikiza mjane kila siku atakapoitwa, na tunawaomba akina mama wa WAWATA wasimwache aende peke yake.

Pili, kila kigango kiandike orodha ya wanaume na wanawake wake waliokwenda vitani, walio hai na waliokufa, bila kuuliza kabila wala alikotoka baba. Wazee waliobaki wahojiwe mwaka huu, wala tusingoje mwaka ujao. Kila masika tunazika mmoja.

Tatu, vijana wanaozungushwa kuhusu vitambulisho kwa sababu ya babu au bibi waandikishe majina yao kwa katibu wa Tume katika parokia. Cheti cha ubatizo, daftari la ndoa, na ushuhuda wa majirani waaminifu ni msaada mkubwa, na Kanisa linavyo. Tuvitoe bila kudai chochote.

Nne, Misa ya tarehe 25 Julai itolewe kwa ajili ya askari wote wa eneo letu, na majina yasomwe kwa sauti.

*Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:*

Ona: Katika kitongoji chetu, nani anaitwa mgeni ilhali amezaliwa hapa? Neno hilo lilianza lini, na lilianza kwa sababu gani?

Amua: Ibrahimu alipofiwa na Sara alikuwa mgeni kati ya Wahiti, nao wakampa mahali pa kumzika. Wapagani wale wametuzidi nini?

Tenda: Wiki hii tutamwendea nani, na tutamwambia nini?

Tunarudi kwa kijana aliyetuuliza kwao ni wapi. Mwanetu, kwenu ni hapa. Ni hapa kwa sababu bibi yako na mama yako walizaliwa hapa, na sheria ya nchi yasema hivyo. Ni hapa kwa sababu babu yako aliondoa mawe haya kwa mikono yake, kisha akaacha miembe ikiwa michanga akaenda kuilinda nchi pamoja na shamba la kila mmoja wetu, likiwamo la yule anayekufukuza leo. Na kaburi lake ni hapa. Yeyote asemaye kwamba yeye alikuwa mgeni, na aje aseme hivyo mbele ya kaburi lile, sisi tukiwapo.